Cleopatra mwenye kiatu kimoja

Jumamosi iliyopita nililipa shilingi 1,500 katika ukumbi mmoja mdogo wa Westlands, Nairobi, ili nisikilize aria, yaani nyimbo za mwimbaji mmoja, za opera (michezo ya kuigiza inayoimbwa) za karne ya 18 zikiigizwa katika mazingira ya leo. Nyingi zilipita bila kuniachia kumbukumbu, ila moja ilinirudishia fedha zangu zote, nayo ni "Piangerò la sorte mia" kutoka Giulio Cesare, opera ya mtunzi Handel iliyoonyeshwa mara ya kwanza London mwaka 1724, ambamo Cleopatra, malkia wa Misri, akiisha kushindwa na kutiwa nguvuni na nduguye Tolomeo, anaililia bahati yake.

Mwelekezi alimtia malkia huyo katika seli ya kituo cha polisi, penye benchi la mbao na ndoo ya plastiki, akiwa na kiatu kimoja tu mguuni kama ilivyo desturi ya seli zetu. Watazamaji waliitambua hali hiyo mara moja, wakacheka, kisha wakanyamaza kabisa alipofungua kinywa.

Aria hii ina kilio cha polepole, kisha sehemu ya kasi ambamo malkia anaapa kwamba akifa atarudi akiwa mzuka kumsumbua dhalimu wake usiku na mchana, halafu kilio kinarudi kwa maneno yaleyale, na hapo mwimbaji hutarajiwa kuongeza madoido yake mwenyewe. Waelekezi wengi wa leo huogopa marudio hayo, wakayajaza vituko, ilhali msikilizaji yeyote wa taarab anajua kwamba mstari unaorudiwa ndio unaochoma zaidi. Huyu hakuogopa. Katika kiapo, mwimbaji aliipiga ndoo teke ikabiringika hadi ukingoni mwa jukwaa. Kilio kiliporudi aliifuata taratibu, akaisimamisha, akaketi, akakivua kile kiatu na kukipakata, akaimba kwa sauti ndogo, madoido yakiwa machache na yote mwishoni mwa mistari, pale pumzi ilipokuwa karibu kumwishia. Sikumbuki aliyekohoa.

Kilichoniudhi ni askari wa seli, aliyeachwa achezee simu katika sehemu ya kwanza yote, hata mwanga wa kioo chake ukayavuta macho yetu kutoka kwa mwimbaji. Isitoshe, kinanda cha umeme kilichoshika nafasi ya fidla na selo kilikuwa na sauti kavu, na tafsiri iliyomulikwa ukutani, tena ya Kiingereza pekee, ilichelewa kiasi kwamba tuliusoma mzuka wakati malkia amekwisha kurudi kwenye machozi.

Onyesho litarudiwa Jumamosi ijayo. Atakayekwenda na aketi safu za mbele upande wa kushoto, kwa kuwa spika ya kulia inakwaruza.