ScanProsite na InterPro: nimezijaribu kwa protini ya muhogo

Wanabaiolojia wenzangu, juzi nilikuwa nyumbani Ngamiani, Tanga, nina sikwensi (mfuatano wa amino asidi) ya protini ya muhogo nataka kujua ni ya ukoo gani, ndo nikaingia ScanProsite, tovuti ya Waswisi inayotafuta alama za koo ndani ya protini, na yaani naisifu kwa moyo wote. Hulipi, hujisajili, unabandika herufi za amino asidi (za protini jamani, sio za DNA) unabonyeza, majibu hayo.

Protini yenyewe ni linamarase. Sie tuliokula makopa tunajua muhogo mchungu haupikwi hivi hivi, unamenywa, unalowekwa, unaanikwa, na kinachotokea ni kwamba ukishapondeka enzaimu hii inakutana na linamarini, kemikali ya muhogo iliyobeba sumu ya sianidi, inaing'oa glukosi, kinachobaki kinavunjika na kutoa sianidi, inaenda zake na maji na hewa.

Jibu likaja glycosyl hydrolase (enzaimu za kukata sukari) ukoo wa 1, alama PS00572, yaani kipande kifupi cha herufi kinachotambulisha ukoo, na inakuonyesha kabisa imeanzia herufi ya ngapi imeishia ya ngapi. Hapo ndo nilipopapenda. Alama ina nafasi 9 tu, nne za mwanzo zinaruhusiwa kubadilika badilika, mbili za mwisho pia, ila katikati ni E, N, G na hakuna mjadala, maana hiyo E ni glutamati inayoshika sukari wakati wa kukata. Mwenzake yuko mbali huko nyuma kwenye N-E-P, huyo nilimtafuta kwa macho nikamkuta.

Sasa msije mkaandika kwenye ripoti kwamba alama imethibitisha enzaimu inakula linamarini. Imekupa ukoo, kazi haijakwambia. Laktase ya utumbo wetu inayovunja sukari ya maziwa ni ukoo huu huu, na ile mirosinase inayoleta ukali wa haradali nayo imo, ingawa yenyewe pale kwenye E ya N-E-P ina Q (glutamini). Kazi utaijua kwa kupima maabara.

InterPro ya Uingereza nayo bure, inachukua muda zaidi kwa sababu inapitisha sikwensi kwenye hifadhi nyingi kwa mpigo, Pfam, hifadhi ya koo za protini, imo humo humo. Mimi naanza ScanProsite, ila kama kipande chako kimekatika kabla ya ile ENG alama hiyo haitaonekana hata kama protini ni ya ukoo huo, hapo nenda InterPro moja kwa moja.