Canon RF 100-400mm f/5.6-8 IS USM: lenzi ya msitu wa jirani majani yanapopukutika

Gramu 635. Kwa anayepiga picha kwenye msitu ulio karibu na nyumbani, uzito huo peke yake unaweza kutosha kumshawishi. Lenzi inayofika milimita 400 na bado ikaingia kwenye begi la kawaida la mgongoni ndiyo utakayotoka nayo Jumamosi alfajiri, kabla watoto hawajaamka. Zile za kilo moja na nusu mara nyingi hubaki kabatini.

Canon waliitoa mwaka 2021 kwa dola 649 nchini Marekani, sehemu ndogo tu ya bei ya RF 100-500mm ya daraja la L, lile la juu la Canon. Unafuu huo umelipiwa kwa njia tatu. Tundu la lenzi ni dogo, f/8 ukifika 400 (namba ya f ikikua, tundu linapungua na mwanga pia). Haina mpira wa kuzuia maji na vumbi kwenye maungio. Na hudi yake, ET-74B, ile kofia ya mbele inayokinga kioo, inauzwa kando, ubahili usio na maelezo kwa lenzi ya bei hii. Inunue siku hiyohiyo: kwenye msitu wa Uingereza wa Novemba jua liko chini na linaingia kwenye kioo kwa ubavu, na matone hudondoka matawini hata mvua ikiwa imekatika saa nzima.

Suala la mwanga ndilo la kuzungumza kwa kirefu. Chukua Epping Forest, ule msitu mrefu unaoanzia kaskazini-mashariki mwa London na kuingia Essex. Ukishuka stesheni ya Loughton kwenye reli ya Central, unafika kwa miguu penye miti ya beech ya kale, vigogo vinene vilivyokuwa vikikatwa vichwa enzi na enzi kwa ajili ya kuni. Mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba majani yake huwa manjano, kisha rangi ya shaba. Chini ya majani hayo, siku ya mawingu, ukiweka ISO 100 (ISO ni wepesi wa sensa kuhisi mwanga; ikipanda sana picha hujaa chembechembe) na f/8, kamera itakuomba uache mwanga uingie kwa takriban 1/8 ya sekunde. Kwa mti hakuna tabu, mti haukimbii. Kwa kindi aliyebeba tunda la mwaloni unahitaji 1/500 au zaidi. Kutoka 1/8 hadi 1/500 ni stopu sita, kila stopu ikiwa mwanga mara mbili au nusu yake, yaani ISO 6400. Wingu likizidi kuwa zito, au jioni ikianza kuingia saa tisa alasiri, ongeza stopu mbili: ISO 25,600, na manyoya ya kindi yanageuka uji.

Kituliza mtikisiko cha stopu 5.5 hakikusaidii hapo. Kinatuliza mikono yako, hakimtulizi mnyama.

Sasa toka chini ya miti, simama ukingoni mwa uwanja wa nyasi, wingu lilelile. Mwanga unaongezeka stopu tatu hivi, na kwa 1/500 ileile ISO inashuka hadi 800. Namna ya kuitumia lenzi hii kwa wanyama ndiyo hiyo: wapige ukingoni mwa msitu, kwenye njia pana, mahali mti mkubwa ulipoanguka ukaacha dirisha la anga, na uwaache walio gizani wapite. Asiyekubali mpangilio huo asiinunue.

Kulungu ndio wanaoitendea haki. Richmond Park, kusini-magharibi mwa London, ina kulungu wapatao 630, wekundu na wale wa madoa, na Septemba na Oktoba madume hupigania majike mahali peupe kabisa. Kanuni ya hifadhi ni kukaa mita 50 au zaidi kutoka kwa mnyama. Wageni hudhani umbali huo unaua picha, lakini piga hesabu: kwa mita 50, milimita 400 kwenye kamera ya APS-C, yaani yenye sensa ndogo, kama R10 au R7 inachukua upana wa mita 2.8. Dume la kulungu mwekundu likisimama ubavu linajaza fremu karibu yote, pembe zikiwa hatarini kukatwa. Kwenye sensa kubwa ya R8 upana ni mita 4.5, nafasi ya kutosha kuacha ukungu na nyasi. Kwa hiyo anayekaribia hadi mita 20 anahatarisha mwili wake na kumsumbua mnyama bila faida yoyote ya picha. Usivutiwe na ekstenda ya 1.4 pia, kile kipande cha kuongeza urefu wa lenzi. Inafunga, inafanya kazi, inakupa f/11, na kwa mwanga wa Oktoba f/11 ni mzaha.

Fika kabla jua halijachomoza, ambalo mwishoni mwa Oktoba, saa zikisharudishwa nyuma, huchomoza karibu saa moja asubuhi. Ukiwa umelielekea jua huku nyuma ya dume kuna miti yenye kivuli, pumzi yake inaonekana kama moshi. Punguza mwanga kwa stopu moja ili pumzi isigeuke weupe mtupu.

Wengi huinunua kwa ajili ya wanyama, kisha kazi nzuri kuliko zote ikatoka kati ya milimita 100 na 200, kwenye miti yenyewe. Lenzi pana msituni huleta vurugu: matawi kila upande na vipande vya anga jeupe vinavyovuta jicho. Kwa 135 au 180 unachagua vigogo vitatu na rangi iliyo nyuma yake, anga lote likabaki nje. Hapa weka tripodi, ISO 100, kituliza kikiwa kimezimwa, taima ya sekunde mbili. Kwenye sensa kubwa f/11 inapendeza. Kwenye R7 yenye megapikseli 32.5 baki f/8, kwa sababu ukifunga zaidi ukali unaanza kupungua. Upepo ukitikisa majani, pandisha ISO hadi upate 1/125, au ngoja utulie.

Filta ya polaraiza ya milimita 67 ina maana kuliko kitu kingine chochote utakachoongeza. Majani yaliyolowa yana mng'ao mweupe unaoficha rangi. Izungushe polepole ukitazama kwenye kamera, utaona manjano na nyekundu zikijitokeza. Inakula stopu moja hadi mbili, kwa hiyo ivue kabla ya kuwageukia wanyama. Kuisahau ndiko kunakozaa zile ISO za ajabu ambazo watu huilaumu lenzi kwazo.

Mambo mawili ya rangi huharibu picha za msimu huu hata kwa lenzi ghali. Kamera ikiachiwa kurekebisha weupe yenyewe huona manjano imezidi na kuipoozesha. Weka kati ya Kelvini 5500 na 6000 na uiache hapo. La pili, majani ya rangi ya chungwa huijaza chaneli nyekundu kabla histogramu ya jumla, ile grafu ya mwanga kwenye kamera, haijaonyesha hatari. Washa histogramu ya rangi tatu, punguza theluthi moja au mbili za stopu, piga RAW, faili ghafi inayokuachia nafasi ya kurekebisha baadaye.

Faida isiyotangazwa vya kutosha ni ukaribu. Ikiwa kwenye 400, kutoka kama mita moja, inafikia ukuzaji wa 0.41. Kwenye sensa kubwa kitu cha upana wa sentimita 9 kinajaza fremu, kwenye APS-C sentimita 5 na nusu. Jani moja la mwaloni, uyoga mwekundu wenye madoa meupe unaoota karibu na miti yenye gome jeupe, umande kwenye utando wa buibui: vyote unavipata bila lenzi ya makro na bila kulalia tope. Epping ni marufuku kuchuma uyoga, basi huo umbali wa mita moja unakufaa pia kwa kutoukanyaga.

Fokasi ni ya kasi na haina kelele, ila lenzi haina swichi ya kuizuia isihangaike kutoka karibu hadi mbali. Penye vijiti vingi mbele ya ndege itashika kijiti, kisha itazunguka safari nzima hadi mwisho na kurudi, na ndege ameshaondoka. Tumia pointi moja ndogo badala ya eneo lote. Lenga kwanza kigogo kilicho umbali uleule na mnyama, kisha mgeukie. Utambuzi wa jicho husaidia kulungu akiwa peupe. Akiwa nyuma ya kangaga mara nyingi hurukia majani.

Unyevu unataka nidhamu. Mrija wa mbele hutoka nje unapovuta zumu, na bila mpira wa kuzuia maji, tone lililokaa juu yake linaingia ndani ukiurudisha. Ufute kwa kitambaa kikavu kabla ya kurudi 100. Mfuko wa plastiki wenye tundu la kioo, uliobanwa na raba kwenye hudi, unatosha kwa manyunyu; mvua kamili, rudi nyumbani. Ukiingia ndani kutoka baridini, usifungue begi mpaka lipate joto la nyumba, la sivyo mvuke utatanda kwenye vioo.

Anayetaka mwanga zaidi kwa pesa zilezile huitazama EF 400mm f/5.6L ya mwaka 1993, lenzi ya mfumo wa zamani wa Canon, iliyotumika, kwa adapta. Inakupa stopu moja na ukali mzuri. Inakunyima kituliza, ina kilo 1.25, na haishiki fokasi chini ya mita 3.5, hivyo majani na uyoga usahau. Kwenye R10, isiyo na kituliza ndani ya kamera, huo si ubadilishanaji mzuri.

Ukiikuta 100-400 iliyotumika, vuta zumu hadi mwisho na umulike tochi kutokea nyuma: vumbi kidogo halina neno, ukungu wa kuvu kando ya kioo una neno. Kisha piga ukuta wa matofali kwa 400 na f/8, ulinganishe kona nne. Kona moja ikiwa laini kuliko zenzake, huenda lenzi ilishaanguka.