Wimbo wa tatu umenitibua, na mwenye wimbo kanitibua zaidi

Majuzi nilipata rekodi za kijana mmoja anayepiga roki mbadala peke yake: gitaa yeye, besi yeye, ngoma za kompyuta yeye, kuchanganya sauti yeye, hadi jalada kachora mwenyewe. Nyimbo saba, zote za chumbani kwake. Jina silitaji, hasira bado ninazo.

Mbili za kwanza zinapita. Ya tatu inaanza na gitaa la polepole, anaimba kama mtu anayeogopa kumwamsha mwenzake. Kiitikio kikaingia: krrr! Nikadhani hedifoni zimekufa. Nikachukua nyingine. Krrr. Nikahamia kwenye spika. Krrr ile ile, neno lile lile.

Na mtu asiniambie huo ndio uchafu wa roki. Gitaa la kukwaruza nalijua na nalipenda. Amplifaya ikisukumwa kupita kiasi inanguruma kwa utamu. Kompyuta haina utamu huo. Kwenye kompyuta desibeli sifuri ndiyo dari. Sauti ikitaka kupita hapo, kichwa cha wimbi kinafyekwa kinakuwa bapa, na masikio yanalipa. Kijana kafungulia maiki hadi mwisho, kisha kasogea kuipigia mayowe. Kwa faida gani? Spotify yenyewe kwa kawaida hushusha nyimbo zenye makelele hadi kama LUFS -14, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia. Ukubwa wa sauti unaondoka, mikwaruzo tunabaki nayo.

Wala asisingizie chumba. Bruce Springsteen, mwanamuziki wa roki wa Marekani, alirekodi albamu yake ya Nebraska nyumbani, kwenye mashine ya kaseti ya njia nne tu, ikatoka 1982 na kila neno linasikika.

Nikamwandikia, kwa adabu zote, nikamtajia hata dakika na sekunde. Jibu: "Kama masikio yako ni laini, katafute nyimbo za kubembelezea watoto." Na kidole gumba juu yake. Kidole gumba! Nikafuta zote. Nyota moja, na hiyo ni huruma.

Usiku, nikiwa nimelala, simu ikaanza kuimba yenyewe. Kumbe ya tano ilinusurika. Gitaa moja na sauti, basi. Kabla hajaimba unasikia kiti kinalia, halafu anavuta pumzi. Ubeti wa pili kidole kinateleza kwenye waya, anasita kidogo, anaendelea, na kosa kaliacha pale pale. Studio ya watu wangelisafisha. Nilikaa kitandani gizani nikaurudia mara nne, na sikuwa nimepanga kumsamehe.

Sasa ndipo nilipozidi kukasirika. Mtu anayejua kunyamaza hivi, ule wa tatu aliurekodi akiwa na nani kichwani? Nyota nne. Hapana, tatu, ya nne imeliwa na jeuri. Ingawa huo wa tano, kusema kweli, ungekuwa peke yake ningempa zote.

Asubuhi nikakuta kaupakia upya ule wa tatu, kimya kimya, bila hata neno. Nikaufungua mbio. Kashusha sauti tu! Wimbi lililokwisha kufyekwa halichipui kwa kupunguziwa sauti. Tulikuwa na krrr kubwa, sasa tuna krrr ndogo. Nikamwandikia tena: rudia kukiimba kile kiitikio, maiki ipunguze, simama mbali.

Kanijibu kwa kidole gumba.