Dawa za macho makavu: za kununua na za kuacha rafuni

Tuanze na kibaya kuliko vyote. Mtu ana macho yanayochoma na kuwasha kana kwamba yameingia mchanga, ikifika jioni yamekuwa mekundu, anaingia duka la dawa na kuomba "dawa ya macho". Ni rahisi sana atoke na kichupa cha antibayotiki iliyochanganywa na steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe: steroidi ni deksamethasoni au betamethasoni, antibayotiki ni neomaisini au jentamaisini. Baada ya siku mbili wekundu umepungua, mgonjwa anaisifu dawa, na kichupa kikiisha anarudi kununua kingine. Steroidi ikitumika wiki baada ya wiki bila mtu kupima presha ya jicho, presha hiyo inaweza kupanda pasipo maumivu yoyote mpaka ikaharibu mshipa wa fahamu wa kuonea. Mtoto wa jicho naye huja mapema. Neomaisini yenyewe huwaletea wengine mzio wa ngozi ya kope, na mgonjwa hudhani ukavu umezidi, akaongeza matone. Kwa macho makavu ya kudumu, kichupa hiki kisiguswe bila daktari wa macho.

Ya pili ya kuacha rafuni ni dawa ya kung'arisha macho, yenye tetrahidrozolini au nafazolini. Kazi yake ni kubana mishipa ya damu ili weupe urudi. Haiongezi hata chembe ya chozi. Nguvu ikiisha, mishipa hutanuka na jicho huwa jekundu kuliko mwanzo, nawe unaweka tena.

Kabla ya kufika kwa zinazofaa, ujue kwanza kilichoharibika ni nini. Chozi si maji matupu. Juu lina utando mwembamba wa mafuta unaolizuia lisikauke, chini lina ute unaolishikiza kwenye konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Maji yakiwa haba, huo ni ukavu wa aina moja. Tezi za mafuta kwenye kingo za kope zikiziba, maji yapo lakini yanakauka upesi, na aina hii ndiyo iliyoenea zaidi, ingawa wengi wana mchanganyiko wa zote mbili. Ndiyo maana mwenye macho makavu hububujikwa na machozi mbele ya feni au juu ya bodaboda: konea inakauka, jicho linajihami kwa kumwaga maji mengi yasiyo na mafuta ya kutosha, yanateremka shavuni, na muda si muda ukavu uko palepale. Kliniki ya macho hutenganisha hali hizi kwa vipimo rahisi. Kijikaratasi cha Schirmer hutundikwa kwenye kope ya chini kwa dakika 5. Kikilowa chini ya milimita 5, maji ni machache kweli. Kisha hutiwa rangi ya fluoresini na kuhesabiwa sekunde tangu upepese hadi utando wa chozi upasuke. Chini ya sekunde 10, utando huo hautulii. Anayenunua dawa ya bei kubwa kabla ya vipimo hivi anacheza bahati nasibu.

Hatua ya kwanza kwa karibu kila mtu ni machozi bandia. Hapa majina ya maboksi hubabaisha, ilhali viambato vyenyewe ni vichache. Haipromelosi ya asilimia 0.3 ni dawa ya zamani, nayo hukauka upesi. Karboksimethaliselulosi, CMC kwa kifupi, ya asilimia 0.5 au 1, ndiyo iliyomo kwenye Refresh Tears na jamii yake. Systane asilia ni mchanganyiko wa polietilini glaikoli na propilini glaikoli. Sodiamu hayaluroneti ya asilimia 0.1 hadi 0.2 ndiyo ya Hylo-Comod na Hylo-Forte. Tukilazimishwa kuchagua moja, tungechukua hayaluroneti isiyo na kihifadhi (kemikali ya kuzuia vijidudu visiote ndani ya chupa), kwa kuwa hushika maji na kukaa juu ya konea kuliko haipromelosi. Lakini kati ya CMC nzuri na hayaluroneti nzuri, tofauti si ya kumfanya mtu akope.

Pesa yako iende kwenye suala la kihifadhi. Kihifadhi kiitwacho benzalkoniamu kloraidi, BAK kwa kifupi, huua vijidudu kwa kuharibu utando wa seli zao, na haibagui seli za jicho lako. Mara moja au mbili kwa siku wengi huvumilia. Ukipita mara 4 kwa siku, au ukiwa tayari unatumia matone ya presha ya macho yenye BAK hiyohiyo, unakausha jicho kwa dawa ya kulilowesha. Refresh Tears hutumia Purite na Systane ya chupa ya kawaida hutumia Polyquad, ambavyo ni vipole zaidi. Visivyo na kihifadhi kabisa ni vichupa vya plastiki vya kutumia mara moja, au chupa zenye pampu maalumu isiyoruhusu hewa chafu kurudi ndani.

Piga hesabu kabla ya kulipa. Boksi la vichupa 30 vya mara moja, ukitumia 4 kwa siku, linakwisha siku ya nane. Hylo-Comod ya mililita 10 hutoa matone kama 300. Kwa macho mawili mara 4 ni matone 8 kwa siku, yaani zaidi ya mwezi, na mtengenezaji anaruhusu itumike hadi miezi 6 tangu ifunguliwe. Bei inayotisha kaunta huenda ikawa ndogo mwisho wa mwezi. Chupa ya kawaida yenye kihifadhi, isipokuwa boksi limeandika vingine, itupwe siku ya 28. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu ubavuni. Kichupa cha mara moja usikiache wazi hadi kesho eti kibaki cha kuamkia.

Usafi huu si urembo. Mwanzoni mwa 2023 mamlaka za Marekani ziliwaonya watu waache machozi bandia ya EzriCare, yaliyotengenezwa India bila kihifadhi lakini katika chupa ya kutumia mara nyingi. Katika mlipuko huo wa bakteria sugu wa Pseudomonas, walihesabiwa wagonjwa 81 katika majimbo 18. Watu 14 walipoteza uwezo wa kuona na 4 walifariki. Basi "haina kihifadhi" ni sifa pale tu chupa yenyewe inapolinda dawa. Chupa ya kawaida ya kudondoshea, isiyo na kihifadhi wala pampu, mrudishie muuzaji. Angalia pia kama bidhaa imesajiliwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kwa Tanzania, au na Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya, hasa ile inayouzwa mtandaoni.

Kuweka matone nako hukosewa sana. Tone moja lina maikrolita 30 hadi 50, na mfuko wa kope ya chini hubeba kama 30 tu. Tone la pili linaishia shavuni. Nawa mikono, inamisha kichwa nyuma, vuta kope ya chini, dondosha moja bila ncha kugusa jicho wala nywele za kope, kisha fumba taratibu kwa dakika moja au mbili huku umebonyeza kidogo pembe ya ndani karibu na pua. Usipepese kwa nguvu, utaisukuma nje. Kama una dawa mbili, subiri dakika 5 kati yake; jeli na marhamu ziwe za mwisho.

Jeli ya kaboma ya asilimia 0.2, kama Viscotears, hukaa muda mrefu lakini huleta ukungu wa dakika kadhaa, kwa hiyo si ya kuweka ukiwa umeshika usukani. Marhamu ya mafuta ya petroli na mafuta ya madini ni ya usiku, hasa kwa anayelala kope hazijafumba sawasawa. Kiasi cha punje ya mchele kinatosha.

Machozi bandia yakitumika vizuri kwa wiki 4 hadi 6 bila nafuu, huenda kuna uvimbe unaoendelea chini kwa chini, na hapo ndipo siklosporini inapoingia. Restasis ya asilimia 0.05 iliidhinishwa Marekani mwaka 2002: tone moja kila jicho asubuhi na jioni. Ikervis ya asilimia 0.1 iliidhinishwa Ulaya mwaka 2015, huwekwa mara moja usiku, kwa watu wazima ambao konea imeumia sana. Cequa ya asilimia 0.09 ilifuata Marekani mwaka 2018. Siklosporini ndiyo dawa tunayoipa alama za juu, na pia ndiyo inayotupwa jalalani kuliko zote. Sababu ni mbili. Inachoma: katika majaribio ya Restasis, watu 17 katika kila 100 walilalamikia kuchomwa. Tena ni ya polepole, kwa sababu haimwagi maji, bali hutuliza seli za kinga zinazoshambulia tezi za machozi. Mgonjwa huacha wiki ya tatu akisema haifanyi kazi, ilhali hukumu ya haki ni baada ya miezi 3, hata 6. Madaktari wengi huvusha kipindi hicho kwa steroidi nyepesi kama loteprednoli kwa wiki 2, presha ya jicho ikifuatiliwa. Tofauti na kichupa cha mwanzo ni hiyo: kuna kipimo, na kuna tarehe ya kuacha.

Tusiipambe kupita kiasi. Katika majaribio yaliyoipatia Restasis kibali, ongezeko la milimita 10 au zaidi kwenye karatasi ya Schirmer baada ya miezi 6 lilionekana kwa kama asilimia 15 ya waliotumia dawa, dhidi ya 5 ya waliopewa kimiminika kisicho na dawa. Ni msaada wa kweli, lakini si kwa kila mtu. Kichupa kipindue mara kadhaa hadi kimiminika kiwe cheupe sawia, tenganisha na machozi bandia kwa dakika 15, na vua lenzi za machoni kwanza. Jicho lenye maambukizi lisubiri.

Halafu kuna zile ambazo watu humwagiza ndugu aliyeko Marekani. Xiidra, yaani lifitegrasti ya asilimia 5 iliyoidhinishwa 2016, huwekwa mara mbili kwa siku, na wengine huhisi nafuu mapema kuliko kwa siklosporini, ila huacha ladha mbaya mdomoni. Tyrvaya ya 2021 hupulizwa puani ili kuchochea mshipa wa fahamu ulete machozi. Ni ya maana kwa asiyeweza kulenga tone, mradi avumilie chafya, maana wagonjwa 82 katika 100 walipiga chafya. Miebo ya 2023 haina maji wala kihifadhi, huwekwa mara 4 na kuzuia machozi yasikauke. Kiambato hichohicho huuzwa Ulaya kama EvoTears, na kwa mwenye tezi zilizoziba ni wazo zuri kweli. Shida ya zote ni mnyororo wa kuzipata: dawa ya kudumu inayokatika kila ndugu asiposafiri ni hasara tupu.

Kwa tezi zilizoziba, kazi kubwa haifanywi na chupa. Kitambaa safi cha maji ya moto ya kiasi, nyuzi 40 au juu kidogo, dakika 5 hadi 10 kila siku, kisha sugua kope taratibu kuelekea ukingoni. Kitambaa hupoa upesi, kichovye tena kila mara, la sivyo mafuta hayayeyuki. Daktari anaweza kuongeza doksisaiklini ya miligramu 50 au 100 kwa siku kwa wiki kadhaa. Imeze na glasi nzima ya maji ukiwa wima, mbali na maziwa, dawa za kiungulia na vidonge vya madini ya chuma. Mjamzito na mtoto mdogo hawapewi. Vidonge vya omega-3 tungeviacha: jaribio la DREAM lililochapishwa 2018 liliwapa watu miligramu 3,000 kwa siku kwa mwaka mzima, na hawakuwapita waliopewa mafuta ya zeituni.

Kuna ukavu usioponywa na tone lolote. Nywele za kope zilizogeukia ndani baada ya vikope (trakoma), tatizo linalojulikana vyema sehemu kame kama Kongwa mkoani Dodoma, zinahitaji upasuaji wa kope. Mtoto mwenye macho makavu asiyeona vizuri giza likiingia anahitaji vitamini A hospitalini siku hiyohiyo. Makovu ya macho baada ya mwili kubabuka kwa dawa kama Septrin hutaka daktari bingwa. Maumivu makali, kushindwa kutazama mwanga au doa jeupe kwenye konea: vua lenzi, nenda kliniki siku hiyo, usijaribu maziwa ya mama wala asali.

Na kagua vidonge unavyomeza. Piritoni, setirizini, amitriptilini na isotretinoini ya chunusi zote hukausha macho. Anayemeza piritoni kila usiku kwa ajili ya mafua ya mzio, kabla ya boksi la pili la machozi bandia, amuulize daktari kama inaweza kubadilishwa na dawa ya kupuliza puani.