Ruzuku ya habari za uchunguzi kwa redio za jamii: tathmini kutoka Kigoma

Redio ya jamii ninayoihariri hapa Kigoma imetumia huduma ya ruzuku na ulezi wa habari za uchunguzi inayotolewa na taasisi moja ya Dar es Salaam, na kwa kuwa wahariri wenzangu wa Kasulu, Kibondo na Tabora wamekuwa wakiniuliza kama inafaa kuombwa, nawajibu wote hapa. Inafaa, ingawa kilicho bora ndani yake sicho kinachotangazwa.

Kinachotangazwa ni fedha. Sizibezi, maana mwandishi wa kujitegemea mkoani hulipwa kwa habari iliyotoka, kwa hiyo habari anayoihangaikia miezi miwili haimwingizii kitu mpaka irushwe. Katikati ya kusubiri huko hupokea nauli na posho za semina kutoka halmashauri ileile anayotakiwa kuihoji. Ruzuku ilimwezesha mwandishi wetu kukataa posho hizo bila kulala njaa, na hilo peke yake lilibadili namna alivyopokelewa katika ofisi za umma: alianza kuogopwa kidogo.

Mafunzo ya hotelini yaliyotangulia yalikuwa ya kawaida, yenye slaidi nyingi na mifano ya mbali, na chai ilikuwa nzuri kuliko mada.

Thamani halisi iko kwa mlezi. Tulipangiwa mhariri mstaafu, mzee mpole wa sauti lakini asiyesamehe sentensi legelege. Habari yetu ilihusu mradi wa maji katika kijiji kimoja cha ufukweni kaskazini mwa Kibirizi, ambako vituo vya kuchotea maji vilikauka muda mfupi baada ya kuzinduliwa. Mwandishi alitaka kuanzia kijijini. Mlezi akamtaka aanzie kwenye karatasi. Alimsomesha kwanza ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuhusu serikali za mitaa, ambazo kila mwaka hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi kabla ya kuwasilishwa bungeni, kisha taarifa za zabuni katika NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma unaotumika tangu 2023. Baada ya hapo ndipo ikaandikwa barua kwa mkurugenzi wa halmashauri chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ambayo inaipa ofisi siku 30 za kujibu, na mlezi alisisitiza kwamba nakala yetu igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe inayosomeka. Baadaye ofisi iliposema haikuwahi kuulizwa, muhuri ule ulimaliza ubishi.

Rasimu ya kwanza ilirudi ikiwa na swali moja pembeni mwa karibu kila aya: "Umejuaje?" Maneno "wananchi wanalalamika" yalikatwa yote, na mahali pake akawekwa mama mmoja anayeeleza ni asubuhi gani bomba lilitoa matope, nani alikuja kulitazama na aliondoka na nini. Mwanasheria wa taasisi alipitia muswada kabla haujarushwa. Redio ndogo kama yetu haiwezi kumlipa mtu wa namna hiyo.

Udhaifu upo, na wa kwanza ni stakabadhi. Masharti yanataka risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kodi, kwa kila matumizi, kana kwamba nahodha wa boti la abiria pale Kibirizi ana mashine kifuani. Tulipeleka karatasi ya daftari yenye jina lake, kiasi na dole gumba. Ikarudishwa, na awamu ya pili ya fedha ikachelewa hadi mwandishi akakopa kwa jamaa zake.

Wa pili ni muda. Shirika la ProPublica la Marekani, tangu 2018, limekuwa likilipa mshahara wa mwaka mzima kwa waandishi wanaobaki katika vyumba vyao vya habari vya mahali, wakichunguza jambo moja. Sidai tupewe mwaka, lakini miezi mitatu ya ruzuku hii ni michache pale ambapo mwezi mmoja unaweza kuishia kusubiri jibu la barua. Tena mkataba ni wa mwandishi binafsi. Akihamia Mwanza, kinasa sauti na ujuzi vinaondoka naye, na chumba cha habari kinabaki na kumbukumbu ya kipindi.

Wa tatu ni ufuatiliaji: taasisi ililifunga jalada letu mara tu kipindi kiliporushwa. Halmashauri ilijibu baadaye kwamba pampu mpya imefungwa, na nauli ya kurudi kijijini kuhakikisha ilitoka kwenye mapato yetu ya matangazo ya misiba. Anayeomba awamu ijayo aweke safari ya marudio katika bajeti ya andiko lake, na jina la redio liingie kwenye mkataba pamoja na la mwandishi, kabla hajasaini, kwa kuwa baada ya hapo hakuna kinachoongezwa.