TAHADHARI: "Nunua tairi, kufunga bure". Hesabuni nati zenu!

Assalamu alaykum ndugu zangu. Masika yanabisha hodi, kila mwenye gari anatafuta tairi zenye meno, ndiyo maana nnaandika leo na sikungoja mwezi ujao.

Nina Noah, gari ya Toyota, nnachukua wageni hapa Unguja kutoka mjini kwenda Paje na Jambiani. Tairi zangu zilishakuwa vipara, nikaenda kwa bwana mmoja anayeuza za mtumba. Jina silitaji wala mtaa, ila alama zake ni hizi: bei yake iko chini kuliko wenziwe, na anakwambia "kufunga bure sheikh, kaa pale unywe kahawa". Kahawa yenyewe analipa yeye. Nikakaa, nikanywa, na hapo ndipo nilipoliwa.

Asubuhi ya pili nikapakia wageni. Baada ya Tunguu usukani ukaanza kutikisika, nikajisemea ni balansi tu. Kufika Jozani, pale penye matuta ya kuwalinda kima punju, nikapunguza mwendo na ndipo nikasikia mbele kushoto ko-ko-ko. Nikashuka kutazama: nati moja haipo, mbili nazizungusha kwa vidole. Gurudumu limeshikwa na mbili zilizobaki. Wallahi lau si yale matuta nisingesikia kitu, maana redio ilikuwa juu.

Wageni nikawaitia gari ya mwenzangu, mimi nikakaza nilivyoweza nikarudi polepole mpaka kwa fundi wangu, Fuoni. Akafungua magurudumu yote manne. Nati zangu zilikuwa 20, za kichwa bapa zenye washa yake, zilizokuja na rimu kutoka kiwandani. Nilikuta 12. Nyengine zote nimebadilishiwa, nimewekewa za ncha ya mviringo uliochongoka, zile za rimu za chuma. Nati ya namna hiyo ukiitia kwenye tundu la bapa inagusa ukingo tu. Unaiona imekaza, lakini gari ikitembea inajilegeza wenyewe. Na moja ilikuwa ya gari nyengine kabisa: Toyota hesi yake, yaani meno ya kuzungushia nati, ni 12 kwa 1.5 (unene wa bolti na nafasi ya jino hadi jino, kwa milimita), Suzuki na Nissan nyingi ni 12 kwa 1.25. Inaingia mizunguko miwili kisha inagoma, basi kijana kailazimisha kwa mashine ya upepo mpaka meno ya stadi, ile bolti inayoshika nati, yameliwa.

Kurudi dukani naambiwa: "Gari ikishatoka mlangoni si yetu tena." Risiti sina. Nilikunywa kahawa badala ya kudai risiti.

Sasa nielezeni mwenye akili: nati zangu zimekwenda wapi? Mimi nnaamini zinauzwa. Jirani yangu naye kafungiwa huko huko, zake hazikubadilishwa lakini zilikuwa zimepakwa grisi. Wapo wanaodhani grisi ni hisani. Siyo. Hesi ikiteleza, spana ile ile inaivuta stadi kupita kiasi, na siku moja inakatika.

Basi ukienda popote, usikae kwenye kahawa. Simama pale pale. Nati ianze kwa mkono, mizunguko kadhaa, ndipo spana ifuate; ikigoma kwa mkono si yake hiyo. Kabla ya rimu kupachikwa, kijana apige brashi ya waya pale inapokaa. Sisi tunaishi na hewa ya bahari, kutu haikosi, na ule unga wa kutu ukisagika baadaye nati inabaki na nafasi. Kisha akaze kwa kuruka, nati hii halafu ile inayoielekea upande wa pili, asizunguke kama anayefunga kifuniko cha chupa. Mkazo wa mwisho gurudumu likiwa limegusa chini.

Kiasi gani? Toyota nyingi ndogo zinataka 103 Nm (nyutoni mita, kipimo cha mkazo). Mwenye spana ya kupimia mkazo, alhamdulillah. Asiye nayo ajue kwamba hiyo ni kama kubonyeza kilo 21 mwisho wa spana ya nusu mita. Yule anayepanda juu ya spana na kilo zake 75 anatia zaidi ya mara tatu ya kinachohitajika, na wewe umesimama unamsifu kwa nguvu! Siku ya pancha usiku Kinyasini utalia na nati isiyofunguka.

Ukishatembea kilomita 50 mpaka 100, kaza tena. Yaani ukifika Nungwi kutoka mjini, kabla ya kuweka kitu tumboni, pitisha spana.

Na kwa zile tairi zake, soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni. 2414 ni tairi iliyotengenezwa wiki ya 24 ya mwaka 2014. Yangu mbili zilikuwa zimesuguliwa hapo, nami sikutazama.

Stadi iliyoliwa nimeshabadilisha. Bado nnatafuta nati 8 za Noah za kichwa bapa zenye washa. Mwenye nazo aniambie, ila aniambie na alikozinunua, nisije nikauziwa zangu mwenyewe.