Madarasa mawili ya kuandika Kiingereza, Kariakoo na Mwenge

Mimi ni muuguzi, najiandaa na IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza. Sehemu ya kuandika ni dakika 60, kazi mbili: ya kwanza maneno yasiyopungua 150, ya pili 250. Nimeshasoma vituo viwili hapa Dar.

Cha kwanza, Kariakoo, walitupa insha za mfano tukariri. Miezi miwili nilinakili hadi daftari likajaa. Siku mada ilipogeuka kidogo tu, kalamu ikagoma. Kazi zilirudi zimejaa wino mwekundu, bila neno hata moja la kunieleza nimekosea wapi. Sikipendekezi, ingawa mpangilio wa aya niliupata huko.

Cha pili, Mwenge, darasa la jioni la watu tisa, ndiko nilikojifunza kuandika. Insha moja unaiandika mara tatu. Kwenye rasimu ya kwanza mwalimu hagusi sarufi kabisa, anauliza tu pembeni: "Huyu mgonjwa alikataa dawa kwa nini?" Sarufi husubiri rasimu ya tatu. Mimi nilikuwa nachanganya "he" na "she" kila mstari; akanionyesha chanzo, kwamba "yeye" wetu hatenganishi mwanamume na mwanamke. Tangu hapo, kabla ya kukabidhi kazi, napitia viwakilishi peke yake, kimoja kimoja, kwa kidole.

Kasoro yao: hawakupimi kwa saa hadi wiki za mwisho. Kwa mtihani huu hilo ni kosa kubwa, ombeni mapema. Ada iko juu kidogo, lakini mimi nimeshalipia muhula mwingine.